Pezi la Mafuta

Kabla boti haijaguswa na maji, mwenyeji wetu alitukalisha juu ya masanduku ya chakula, akachora samaki kwenye mchanga kwa mpini wa kasia. Alichora mkia, tumbo na pezi kubwa la mgongo. Halafu, katikati ya pezi lile na mkia, akadidimiza kidole chake kimoja. "Hapa," akasema. "Ukimpata samaki, kabla hujafurahi, tazama hapa."

Pezi linalokaa hapo ni dogo, halina mwiba wala mfupa, laini kama ncha ya sikio la mtoto. Wataalamu huliita pezi la mafuta. Samaki tuliyemfuata anaitwa stilihedi. Aliyezaliwa mtoni kwenye changarawe analo. Aliyetotoleshwa kituoni kwa mikono ya watu hukatwa pezi hilo akiwa kifaranga, kabla hajaachiwa aelekee baharini. Katika Mto Deschutes, jimbo la Oregon, mwenye pezi lazima arudishwe majini akiwa hai, na asiye nalo unaweza kumtia sufuriani. Uhai wa samaki unaamuliwa na kipande cha nyama kisichozidi ukucha.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Pangani. Nimeishi Portland miaka 11, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeshika mshipi hata siku moja. Nilikuwa nawaona wavuvi wa huku kila vuli wakipakia vifaa vya thamani kwenye magari, wanakwenda kulala porini siku tatu, wanarudi mikono mitupu na nyuso zimejaa furaha. Nikiuliza samaki yuko wapi, wananiambia wamemwachia. Kwa mtu aliyesomeshwa kwa changu na tasi, jambo hilo liliniuma. Niliona ni kuichezea riziki. Mwanzo wa Oktoba mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu wa sayansi ambaye nyumbani kwetu tunamwita Mzee, na yeye mwenyewe amelipenda jina hilo, aliniambia, "Njoo uone kwanza, ndipo unilaumu." Nikakubali. Nikamwalika na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Mwanza, aliyeshuka kutoka Seattle kwa basi na begi lake moja. Ndani ya begi mlikuwa na makopo manne ya tui la nazi.

Kwanza nimweleze huyu samaki, maana kwetu hana jina. Stilihedi ni trauti. Ni aina ileile ya trauti wa upinde wa mvua ambaye Waingereza walimpanda katika mito ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo anavuliwa huko. Tofauti ni kwamba stilihedi huenda baharini. Ndugu wawili wa mama mmoja, mayai ya shimo moja la changarawe, mmoja atabaki mtoni maisha yake yote akila wadudu na kuwa trauti mdogo kuliko nduguye, na mwingine atashuka hadi Bahari ya Pasifiki, akae mwaka mmoja au miwili au zaidi, kisha arudi mkubwa, mgongo wa rangi ya chuma, ubavu unang'aa kama sarafu mpya. Samoni wa Pasifiki hufa akishataga. Stilihedi anaweza kutaga, akanusurika, akarudi baharini na kuja tena. Si wengi wanaoweza, lakini wapo.

Njia ya kwenda tulikoanzia safari inapita kwenye daraja la Sherars, na hapo Mzee alisimamisha gari bila kuombwa. Mto wote wa Deschutes, ambao juu na chini ya hapo ni mpana, unabanwa kwenye mwanya wa mawe meusi na kuporomoka kwa ngurumo. Juu ya mwanya huo kumejengwa majukwaa ya mbao, yananing'inia juu ya povu. Ni ya watu wa Warm Springs, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, ambao ardhi yao iko ukingo wa magharibi, juu zaidi ya hapo. Kijana mmoja alikuwa amesimama kwenye jukwaa, kamba imefungwa kiunoni na ncha yake ya pili imefungwa kwenye mwamba, ameshika wavu wa mduara wenye mti mrefu kuliko mlingoti wa ngalawa. Anauzamisha, anauburuta kufuata mkondo, anauinua mtupu, anauzamisha tena.

Tulikaa pale nusu saa nzima. Nilimtazama mabega. Yale mabega nayafahamu: yalikuwa ya mtu anayetafuta chakula, anayejua kwamba kazi ni kurudia. Mwaka 1855 wazee wake walitia saini mkataba na serikali ya Marekani wakatoa ardhi kubwa mno, lakini wakajiwekea haki ya kuvua katika sehemu zao za siku zote. Haki hiyo hawakupewa na mtu. Ilikuwa yao tangu awali, na ndiyo waliyokataa kuitoa. Ilibidi waitetee mahakamani mara nyingi, na mwaka 1969 jaji wa mahakama ya shirikisho ya Oregon aliamua kwamba makabila ya mkataba yana haki ya kupata mgao wa haki wa samaki wa Mto Columbia. Shemeji akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu naye anatazama pezi?" Mzee akasema makabila yana kanuni zao wenyewe, na kwamba ni watu waliomlinda samaki huyu kwa muda mrefu kuliko serikali yoyote. Kisha akawasha gari.

Kutoka hapo ni barabara ya vumbi hadi Macks Canyon, na kutoka Macks Canyon hadi mto unapoingia Columbia ni kama kilomita 40 ambazo gari la kawaida haliwezi kukufikia. Ni boti, au miguu, au treni ya mizigo inayopita ukingo mmoja usiku na mchana. Zamani reli zilikuwa mbili. Kati ya 1909 na 1911 matajiri wawili wa reli, Hill na Harriman, walishindana kujenga kwenye bonde hilihili, mmoja kila ukingo. Ya ukingo wa mashariki ilikufa. Tuta lake sasa ni njia ya wapanda baiskeli na wavuvi.

Bonde lenyewe nilikuwa silitarajii. Nilidhani Oregon yote ni miti na mvua. Huku ni kukavu kama Same mwezi wa Septemba: miamba ya volkano imepangwa ngazi kwa ngazi hadi mbinguni, majani ya rangi ya simba, kichaka kidogo chenye harufu kali ya dawa, na katikati ya ukavu huo mto mzito wa kijani usiopungua. Maji yake mengi hutoka kwenye chemchemi, ndiyo maana kiangazi hakiyamalizi. Kondoo wa mwituni wenye pembe za kujikunja walitutazama kutoka juu. Nyoka wa kengele tuliambiwa wapo; tulitembea tukitazama chini.

Mto huu una sheria ambayo mara ya kwanza ilinishangaza: huruhusiwi kuvua ukiwa ndani ya boti. Boti ni ya kusafiria tu. Ukitaka kuvua unaegesha, unashuka, unaingia majini kwa miguu yako. Kwa hiyo samaki aliye katikati ya mto, mbali na ukingo, amepumzika. Hakuna wa kumfikia. Nilipoielewa nikaipenda sana sheria hiyo, kwa sababu haimhesabii mvuvi samaki wake, inampunguzia tu urefu wa mkono. Chambo cha nyama au mayai nacho hakiruhusiwi sehemu ile. Kila uchafu wetu, hata ule wa chooni, tuliubeba ndani ya sanduku la chuma hadi mwisho wa safari. Moto wa kuni ni marufuku mpaka katikati ya Oktoba, maana bonde lote ni kiberiti.

Sasa uvuvi wenyewe. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani na viatu vya kushika mawe, unaingia hadi mapajani, wakati mwingine kiunoni. Fimbo ni ndefu, takriban mita nne, na hushikwa kwa mikono miwili. Mtindo huo ulitoka kwenye Mto Spey huko Scotland. Mwisho wa mshipi kuna ndoana moja iliyofungwa manyoya meusi na ya zambarau, wanamwita nzi, ingawa hafanani na nzi yeyote niliyewahi kumwona. Ule mwiba wa ndani wa ndoana tuliuminya kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Unaurusha mshipi kuvuka mto, ukiuelekeza chini kidogo. Mkondo unauchukua, na nzi anakatiza maji taratibu, kama mlango unaojifunga wenyewe, mpaka mshipi unanyooka chini yako. Unapiga hatua mbili kuteremka. Unarusha tena. Unaweza kufanya hivyo saa nne, ukarusha mara mia mbili, usiguswe.

Wala samaki hali. Akishaingia mtoni kutoka baharini karibu haguswi na njaa. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo hadi atakapotaga, miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Kwa nini basi akamate manyoya? Mzee anaamini ni kumbukumbu ya utoto, kwamba mto huu ndimo alimojifunza kula wadudu, na kitu kinachopita mbele yake kwa mwendo ule kinamwamsha mtoto aliyelala ndani ya samaki mzima. Sijui kama ni sayansi, lakini alilisema akiwa amesimama majini hadi kiunoni na sikuona sababu ya kubishana.

Jioni ya siku ya kwanza niliguswa. Nataka nieleze vizuri. Kwetu mshipi ni wa mkono. Hakuna fimbo wala gurudumu. Unaupitisha juu ya kidole cha shahada na kusubiri, na baba alinifundisha nikiwa na miaka saba kwamba samaki akidonoa, mkono uvute kabla akili haijauliza. Ukichelewa, umelisha bahari bure. Miaka 20 mkono wangu ulijua hivyo. Basi jua limeshaondoka juu ya maji, kivuli kimefika ng'ambo, nzi yuko katikati ya safari yake, mara mshipi ukawa mzito. Haukushtuka, ulikuwa mzito tu, kama mtu ameshika ncha ya shuka. Mkono ukavuta wenyewe. Na uzito ukaondoka.

Mzee alikuwa ameona. Alikuja polepole akinieleza kwamba stilihedi hukamata akiwa ameelekea mkondo, uso kwa uso na ndoana. Ukivuta wakati ule unaitoa ndoana kinywani moja kwa moja. Lazima umwache ageuke, arudi alikokuwa amelala, na kwa kugeuka kwake ndoana itajipeleka yenyewe kwenye pembe ya kinywa. "Usifanye kitu," akaniambia. "Ukihisi samaki, usifanye kitu kabisa." Usiku ule kitandani, ndani ya hema, nilikuwa nikiwaza namna ya kuufundisha mkono wa mtu mzima kutofanya kitu.

Siku ya pili ilikuwa ya shemeji. Mtu ambaye hajawahi kushika fimbo maishani, ambaye uvuvi wake wote ulikuwa wa dagaa kwa karabai juu ya Ziwa Viktoria, alisahau maelekezo yote isipokuwa lile la kutofanya kitu. Saa moja na nusu asubuhi nikasikia gurudumu lake likilia, samaki akaruka mara tatu juu ya maji, na shemeji akapiga kelele kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia huku ughaibuni. Walipomfikisha kwenye kina kifupi, Mzee akainama, akatazama mgongo. Palikuwa laini. Kovu dogo tu, limepona siku nyingi.

"Huyu ni wako," Mzee akamwambia.

"Nimle?"

"Umle."

Shemeji akamtazama tena. Alikuwa samaki mzuri kweli, ubavu una mstari wa waridi hafifu, kilo tatu hivi. "Shemeji," akaniita, "hivi huyu kosa lake nini? Kukatwa alikatwa na watu, na leo anauawa kwa sababu alikatwa." Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye, tukiandika samaki kwenye kadi ya kibali kama sheria inavyotaka, Mzee alitueleza. Samaki wa kituo amezaliwa kwa ajili hiyo. Vituo vingi vilijengwa kulipia samaki waliopotea mabwawa yalipofunga mito. Lakini anapopotea njia akaenda kutaga pamoja na wa asili, watoto wao hawana uwezo uleule wa kuishi mtoni, kwa hiyo kumwondoa ni kuwasaidia wenye mto. Tena huyu huenda hata si wa Deschutes. Columbia, iliyogeuzwa mlolongo wa maziwa na mabwawa, hupata joto kali mwezi Agosti, na stilihedi wanaokwenda mbali kabisa, hadi Idaho, huchepuka na kuingia Deschutes kwa sababu maji yake ni ya baridi. Wanapumzika humu kama msafiri chini ya mwembe. Wengine hukaa wiki na wiki.

"Kwa hiyo nimemuua mgeni," shemeji akasema.

Samaki hachinjwi, lakini alimsomea bismillahi mimi nikiitikia, ingawa yeye ni Mkristo wa Sabato. Alifanya hivyo kwa heshima yangu, na sikusahau. Usiku alimpika kwa jiko la gesi: kitunguu, nyanya, ndimu, pilipili, na makopo mawili ya tui. Nyama ya stilihedi ni ya rangi ya machungwa na ina mafuta yake, kwa hiyo tui linapaswa kuwa jepesi. Hilo tulilijifunza sahani ya pili. Mzee alikula wali mara tatu.

Mchana wa siku hiyohiyo tuliona samoni. Hatukuwavua. Ni Chinook, samoni mkubwa kuliko wote, aliyepewa jina la watu waliokuwa wakikaa mdomoni mwa Columbia. Walikuwa juu ya changarawe, maji hayafiki goti, migongo nje, wameshakuwa weusi na mikia imechakaa kuwa myeupe kwa kuchimba. Jike analala ubavu na kupiga mkia, changarawe inaruka, shimo linapatikana. Dume anasubiri pembeni. Mahali walipochimba panaonekana kama kiraka kisafi kwenye sakafu chafu, na Mzee alituzunguka mbali ili tusikanyage mayai. Mita chache chini yake, kwenye maji yaliyotulia, walikuwa wamelala waliokwisha kumaliza. Harufu yao ilikuwa nzito. Mzee aliweka mkono kwenye mti wa ukingoni akasema ndani ya mti huu mna bahari: mizoga inaoza, wadudu wanakula, vifaranga wanakula wadudu, mizizi inanyonya, na wanasayansi wakipima mbao za kando ya mito ya samoni huikuta naitrojeni iliyotoka baharini. Shemeji alikaa juu ya jiwe akawatazama muda mrefu. Alisema sangara hana adabu hii.

Usiku huo nikawasimulia habari ya kamba.

Baba yangu hajawahi kuwa mtu wa kurudisha. Changu mdogo, tasi mdogo, wote waliingia kikapuni, tulikuwa tisa nyumbani. Lakini siku moja, upande wa Maziwe, dema lilitoa kamba koche jike, mkubwa kama mkono wangu wa wakati ule, tumbo lote limefunikwa mayai ya rangi ya machungwa. Kamba koche wa saizi ile mahotelini alikuwa na bei ya karo ya muhula. Baba alimshika, akamgeuza, akamtazama. Akaniambia, "Huyu ana wageni." Akashuka majini yeye mwenyewe, hakumtupa, akamweka kwenye pango la mwamba kwa mikono miwili. Tulirudi nyumbani na samaki wa kitoweo tu, na mama hakuuliza.

Miaka ileile baruti zilikuwa zikilia pwani yote ya Tanga. Mlipuko ukisikika, baba alikuwa anaacha kupiga kasia, anasikiliza, halafu anataja jina la mwamba uliopigwa, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Mwamba ukishapigwa baruti hauna changu wala mtoto wa changu. Nilikuwa nimeyasahau hayo, au nilikuwa nimeyaweka mbali. Siku hizi vijiji kadhaa vya pwani na visiwani hufunga miamba ya pweza kwa miezi, kwa makubaliano ya wenyewe, na siku ya kufungua pweza huwa wakubwa. Nilipokuwa nawasimulia hayo Mzee na shemeji, niliona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimechelewa. Kwetu pia kuacha ni sehemu ya uvuvi.

Mzee naye alitusimulia vuli ya 2021. Stilihedi walipanda wachache kiasi kwamba uvuvi wao ulifungwa mto mzima. Alikuja hivyohivyo, bila fimbo, akapiga makasia siku tatu peke yake.

Siku ya tatu niliamka mapema, nikatawadha kwa maji ya mto. Baridi yake inafika kwenye mfupa. Niliswali Alfajiri juu ya turubai, treni ikapita ng'ambo, kisha nikavaa suruali ya mpira. Sheria inaruhusu kuanza saa moja kabla ya jua kuchomoza. Mwanga ulikuwa wa kutosha kuona povu tu.

Nilikuwa nimeshapiga hatua 30 hivi kuteremka mkondo. Mshipi ukawa mzito. Nilifunga macho. Sikufanya kitu. Uzito ukaongezeka, gurudumu likatoa sauti moja fupi, likanyamaza, likatoa nyingine, halafu likapiga ukelele mrefu usiokatika, na nilipoinua fimbo kulikuwa na uhai upande wa pili. Samaki alivuka mto mzima. Aliruka mara moja tu, mbali, na sikuwa na hakika ni huyu wangu mpaka fimbo iliponiambia. Kama dakika saba, nane. Nilimvuta haraka kadiri nilivyoweza, maana Mzee alikuwa amesisitiza kwamba samaki anayechoshwa sana anaweza kufa hata akiachiwa.

Aliponifikia nilipiga magoti majini. Pezi lilikuwepo.

Lilisimama wima juu ya maji, linatikisika kwa mkondo, dogo sana. Alikuwa jike, kichwa kifupi, taya lisilo na ndoana ile ya madume. Urefu kama wa mkono wangu kutoka begani hadi kiganjani. Nilimshika penye shina la mkia, mkono mwingine chini ya kifua, viganja vimelowa, kichwa chake kikiwa kimeelekea mkondo, hakutoka majini hata mara moja. Mzee aliitoa ndoana kwa vidole viwili. Kufika hapo samaki yule alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini na kupanda ngazi za samaki za mabwawa mawili, Bonneville na The Dalles. Nilihisi anavyovuta pumzi. Kisha mkia ukakaza mkononi mwangu, mara moja, kwa nguvu, na mikono yangu ikabaki na maji.

Nilitoka mtoni nikaifungua fimbo vipande vyake vinne nikaitia kwenye mfuko wake. Sikuvua tena siku ile. Mzee hakunihimiza. Bado nina shaka juu ya kumtia samaki ndoana kwa ajili ya kumwachia, na nadhani mtu anayefanya hivyo anapaswa kuwa na kiasi: mmoja anatosha. Lakini shaka hiyo si dharau niliyokuwa nayo Portland.

Mchana tulipita mawimbi ya Rattlesnake, mahali penye sifa mbaya, ambapo mto wote unasukumwa upande mmoja na watu wameshapoteza maisha. Mzee alisimama, akatazama, akakaa, akapiga makasia matano makubwa, tukatoka tumelowa. Baada ya muda mfupi mto ukapoteza sauti. Si kwamba uliisha, uliingia kwenye maji yaliyosimama. Hilo ni ziwa la bwawa la The Dalles.

Kilomita tano hivi chini ya hapo, ndani ya ziwa hilo, yamelala maporomoko ya Celilo. Kwa maelfu ya miaka makabila ya nchi hii yalikutana hapo kuvua na kufanya biashara, kwenye majukwaa kama yale tuliyoyaona Sherars, lakini kwa mamia. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa ilifungwa, na maji yakayafunika kwa saa chache. Wazee waliosimama ukingoni siku ile walisikia ngurumo waliyoizoea tangu kuzaliwa ikididimia mpaka ikanyamaza. Kijiji cha Celilo bado kipo, na kila majira ya kuchipua hufanya karamu ya samoni wa kwanza. Makisio ni kwamba Columbia ilikuwa ikipandisha samoni na stilihedi milioni 10 hadi 16 kwa mwaka kabla ya walowezi. Leo ni sehemu ndogo tu ya hao, na wengi wao ni wa vituoni.

Nilitazama maji yale bila kusema. Mto wetu wa Pangani nao umefungwa, Nyumba ya Mungu na Hale, tangu miaka ya 1960, na umeme wake ndio uliowasha taa niliyosomea. Sitaukana. Lakini maji matamu yakipungua bahari hupanda mtoni, na wenye minazi kandokando wameyaonja maji ya chumvi kisimani. Mzee alisema mwaka 2024, kwenye Mto Klamath, mpakani mwa jimbo hili na California, ulikamilika ubomoaji wa mabwawa manne uliodaiwa miaka mingi na makabila ya huko, na vuli ileile samoni walipita juu, sehemu ambazo hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna aliyewaonyesha njia.

Kwenye maegesho simu ilipata mtandao. Huku ilikuwa saa tano asubuhi ya siku ya nne, tumelala ukingoni usiku wa mwisho. Pangani saa tatu usiku. Baba huwa macho baada ya Isha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wamesema umekwenda kuvua mtoni."

"Ndiyo. Nilipata mmoja. Nikamwachia."

Alikaa kimya. Nilisikia redio yake.

"Alikuwa na wageni?"

"Wa mwakani, baba. Jike."

"Hukumshika mashavu?"

"Sikumshika. Nilimshika mkiani, chini ya maji."

"Haya," akasema. Halafu akaniambia kusi inakatika, bahari imeanza kutulia, na kesho wakijaliwa wataitia ngalawa majini.